Hotirodi Iliyolala Chini: Kila Inchi Imetoka Wapi?

Anayeitazama hotirodi, yaani gari la zamani lililoundwa upya kwa ajili ya kasi na sura, huona umbo moja lililotulia: gari la miaka ya 1930 lililovuliwa madigadi, pua imeinama, matairi makubwa ya nyuma yamejitokeza nje ya bodi, paa limeshuka hadi madirisha yamebaki kama nyufa, na vizingiti vya milango vinakaribia lami. Fundi aliyelijenga huona kitu kingine. Yeye huona hesabu ndefu ya kutoa, ambamo inchi 2 zilitoka kwenye ekseli, inchi 1 kwenye springi, inchi 4 kwenye sakafu na inchi 3 kwenye nguzo za madirisha. Hukumbuka pia kwamba kila inchi iliyoondolewa ilikwenda kuzua shida mahali pengine: tairodi (fimbo ya usukani inayounganisha magurudumu ya mbele) iliyogonga mkono wa ekseli, propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma) iliyokosa nafasi chini ya sakafu, dereva aliyelazimika kukalia mto mwembamba kama gazeti lililokunjwa.

Hapo ndipo penye utata wa kazi hii, na ndipo wengi wanaoianza kwa shauku hukwama. Kushusha gari hudhaniwa kuwa tendo moja, ilhali ni mfululizo wa maamuzi kuhusu mahali pa kutoa urefu na gharama ya kuutoa hapo. Urefu unaweza kutolewa kati ya magurudumu na fremu, ndani ya fremu yenyewe, kati ya fremu na bodi, au ndani ya bodi. Njia hizo nne hazina matokeo sawa hata kidogo, ingawa gari likipigwa picha kutoka mbali zinaweza kuonekana kuwa zimeleta sura ileile.

Sura hiyo ilizaliwa kwa sababu za kasi. Katika miaka ya 1930 vijana wa kusini mwa California walikuwa wakipeleka magari yao kwenye maziwa yaliyokauka, kama Muroc na El Mirage, na kuyakimbiza juu ya udongo mgumu ulio tambarare. Mwaka 1937 klabu zao ziliungana na kuunda Southern California Timing Association ili kasi ipimwe kwa utaratibu na usalama uwe na msimamizi. Muroc baadaye ilichukuliwa na jeshi, na leo ni sehemu ya kituo cha anga cha Edwards. Mwaka 1949 mashindano ya chama hicho yalifika kwenye nyanda za chumvi za Bonneville, katika jimbo la Utah. Mahali kama hapo, kila kilichong'olewa kilikuwa na sababu yake. Madigadi na bampa ziliondolewa kwa ajili ya uzito. Bodi na paa vilishushwa ili eneo linalokabili upepo lipungue, kwa kuwa upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikizidi mara mbili, upinzani unazidi mara nne.

Kando ya mkondo huo palikuwa na mwingine wa magari yaliyoshushwa kwa ajili ya uzuri tu, ambayo karakana ya akina Barris, George na Sam, iliyatengeneza kwa ustadi mkubwa, hasa kutokana na magari ya Mercury ya 1949 hadi 1951. Hayo yalibaki na madigadi na uzito wake wote. Hotirodi iliyoshushwa ya leo imerithi pande zote mbili, na pengine ndiyo maana wajenzi wake hubishana bila kuchoka kuhusu kipi ni cha lazima na kipi ni pambo.

Gari lenyewe

Gari lililogeuka kipimo cha fani nzima ni Ford ya 1932. Mwaka huo Ford ilianza kuuza gari la bei ya kawaida lenye injini ya V8, ya inchi za ujazo 221, yaani karibu lita 3.6, iliyotoa nguvu za farasi 65. Kwa mjenzi wa hotirodi kuna jambo la pili ambalo halihusiani na injini: mbavu za fremu ya 1932 zina mkunjo wa kupendeza ubavuni na ziliachwa zionekane kati ya bodi na ubao wa kukanyagia, kwa hiyo madigadi yakiondolewa gari halionekani kuwa uchi. Ford Model A ya 1928 hadi 1931 ni nyepesi na bodi yake ni rahisi kukata, lakini fremu yake ni nyembamba, na ndiyo maana wajenzi wengi tangu zamani wameikalisha bodi ya Model A juu ya fremu ya 1932.

Kabla ya kununua bodi yoyote ya enzi hizo, jambo la kuuliza ni kiasi cha mbao kilichomo ndani yake. Chevrolet za mwanzoni mwa miaka ya 1930 zilijengwa kwa mabati yaliyopigiliwa juu ya mifupa ya mbao, na mbao zikioza bodi hugeuka ganda lisiloweza kubeba hata milango yake. Bodi za Ford za wakati huo zilitegemea chuma zaidi, ingawa hata katika hizo sehemu ya katikati ya paa haikuwa bati bali kitambaa kilichopakwa dawa ya kuzuia maji, na mwenye kujenga leo huliziba pengo hilo kwa bati.

Utambulisho wa gari nao si wa kupuuzwa. Ford za miaka hiyo ziligongwa namba kwenye fremu, mahali ambapo bodi huifunika. Anayetupa fremu ya zamani na kuweka mpya, au anayekata kipande bila kutazama kilichoandikwa juu yake, anaweza kubaki na gari zuri lisilo na hati ya kulitetea. Sheria za usajili nchini Marekani hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, kwa hiyo hili huulizwa kabla msumeno haujawashwa.

Tairi kwanza, kisha mengine yote

Hatua ya kwanza ya kujenga ni kuamua magurudumu, na hili huwashangaza wanaotarajia kuanza na injini. Sababu ni kwamba kila kipimo cha gari lililoshushwa huanzia mahali tairi linapogusa ardhi. Mjenzi makini huchukua matairi na rimu halisi atakazotumia, huyasimamisha kwenye sakafu iliyopimwa kwa pima maji, kisha huiweka fremu katikati yake juu ya stendi na vipande vya mbao, bila ekseli wala springi, na kuipandisha au kuishusha hadi jicho liridhike. Siku nzima ikipotea hapo, haijapotea bure. Urefu ukishapatikana, vipimo huandikwa sakafuni, na kuanzia hapo kazi ya ekseli, springi na mikono ni kuikuta fremu pale ilipo.

Matairi ya nyuma huwa makubwa kuliko ya mbele, na tofauti hiyo pekee huinamisha pua. Hubadilisha pia uwiano wa gia. Tairi lenye kipenyo cha inchi 26 na difu (gia ya ekseli ya nyuma) ya uwiano wa 3.50 huitaka injini izunguke karibu mara 2,800 kwa dakika gari likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, gia ya mwisho ikiwa ya moja kwa moja. Tairi la inchi 31 kwa difu hiyohiyo huhitaji kama mizunguko 2,360 tu. Mtu aliyebadilisha tairi kwa ajili ya sura amebadilisha gia pia, apende asipende.

Katika hatua hiihii huchorwa mpaka usiovukwa, ninaouita mstari wa rimu. Gari likitazamwa kwa mbele, chora mstari kutoka ukingo wa chini wa rimu moja hadi mahali tairi la upande wa pili linapogusa ardhi, kisha ufanye hivyo kwa upande mwingine, ili upate mistari miwili iliyokatana. Hakuna sehemu ya usukani, breki, fremu wala injini inayoruhusiwa kuning'inia chini ya mistari hiyo, kwa sababu tairi likipasuka gari litakaa juu ya rimu, na chochote kilicho chini yake kitakuwa kinalima lami kwa mwendo wa barabara kuu. Katika kazi nzima, hii ndiyo kanuni ambayo binafsi sijapata kusikia hoja ya maana ya kuivunja.

Kati ya magurudumu na fremu

Ford za kabla ya 1949 zina mpangilio sahili sana mbele. Kuna ekseli moja ya chuma kizima chenye umbo la herufi I. Juu yake kuna springi moja ya majani iliyokingama kutoka gurudumu hadi gurudumu. Na kuna mikono miwili inayotoka karibu na ncha za ekseli, ikaenda nyuma na kukutana katikati ya gari kwenye bolijointi moja.

Njia safi zaidi ya kushusha mbele ni ekseli iliyopindwa, ambayo ncha zake zimekunjwa kwenda juu. Magurudumu hubaki yalipo, huku sehemu ya kati ya ekseli ikiteremka pamoja na springi na fremu. Uzuri wake ni kwamba nafasi ya springi kucheza haijapungua hata kidogo, kwa kuwa umbali kati ya ekseli na fremu haujaguswa. Gharama yake iko kwenye usukani: mikono ya ekseli imeteremka pamoja na ekseli, ilhali tairodi imebaki juu na magurudumu, na viwili hivyo sasa hugongana. Dawa ni kutumia mikono ya usukani iliyokunjwa kwenda chini ili tairodi ipite chini ya kizuizi hicho.

Springi ya majani yenyewe inaweza kutoa karibu inchi 1 ikiwa macho ya jani lake kuu yatapinduliwa yatazame upande wa pili, bila kubadilisha ugumu wake. Kuondoa majani kadhaa hushusha gari pia, lakini springi hulainika, na hilo hufaa tu pale ambapo gari limepunguzwa uzito kiasi cha kutosha. Kwa magari ya baadaye yenye springi za koili, watu hukata koili, na hapa pana jambo linalokwenda kinyume na matarajio: springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi. Ugumu wa koili hupungua kadiri idadi ya mizunguko yake inavyoongezeka, kwa hiyo aliyekuwa na mizunguko 8 inayofanya kazi akabaki na 6 ameongeza ugumu kwa theluthi moja. Katika gari lililoshushwa hilo linaweza hata kusaidia, maana nafasi ya kucheza imepungua. Kuipasha springi moto kwa gesi ili ijilegeze ni jambo jingine kabisa: moto huharibu ugumu ambao chuma kilipewa kiwandani, na hakuna awezaye kutabiri springi hiyo itakaa wapi baada ya mwezi mmoja.

Njia nyingine ya kushusha mbele ni kuihamisha ekseli mbele ya fremu na kuishikiza springi kwenye bano lililochomelewa kwenye pua. Fremu hushuka sana kwa kuwa haikai tena juu ya springi. Wamarekani waliupa mpangilio huo jina linalotaja kujiua, kwa kuwa pua nzima ya gari hutegemea bano hilo moja. Jina limetiwa chumvi kidogo. Bano lililobuniwa vizuri na kuchomelewa na mtu anayejua kazi hudumu. Hata hivyo si mahali pa mtu kujifunzia kuchomelea.

Ile mikono miwili inayokutana katikati huzuia sampu (bakuli la oili) ya injini mpya au giaboksi, ndiyo maana wajenzi huitenganisha na kufunga kila mmoja kwenye ubavu wake wa fremu. Kitendo hicho kinaonekana kidogo, lakini hubadilisha tabia ya ekseli. Gurudumu moja linapopanda kijiwe, mkono wake huzunguka kwenye kituo chake na kuigeuza ncha ya ekseli kidogo, huku ncha ya pili ikiwa haijageuka; ekseli inalazimika kujisokota. Ekseli ya umbo la I hujisokota bila malalamiko. Ekseli ya bomba haijisokoti, kwa hiyo kitakachotii ni bano, weldi au boliti. Mwenye ekseli ya bomba anahitaji mikono minne, miwili kila upande, inayokwenda sambamba, ili ekseli ipande na kushuka bila kugeuka.

Pembe ya kingpini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia), ile inayoyafanya magurudumu yarudi yenyewe kwenye mstari baada ya kona, huwekwa kati ya nyuzi 5 na 7 kuelekea nyuma kwa ekseli za aina hii. Wengi huiweka fremu ikiwa bado tambarare kwenye stendi, kisha hushangaa gari likitangatanga barabarani. Kilichotokea ni kwamba pua ilipoinamishwa, ekseli ililala mbele pamoja nayo. Gari lenye inchi 106 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kama Ford ya 1932, likiinamishwa mbele kwa karibu inchi 3.7, limepoteza nyuzi 2 za pembe hiyo. Ndiyo maana pembe hupimwa gari likiwa kwenye mkao wake wa mwisho, si kabla.

Kuna wanaoamua kuuacha mpangilio huu wote na kuweka magurudumu ya mbele yanayojitegemea, kwa kawaida ya muundo uliotokana na Ford Mustang II ya 1974 hadi 1978, ambao ni mdogo na una usukani wa reki. Gari huendeshwa vizuri zaidi, sikatai. Ila madigadi yakiwa yameondolewa, vyuma vyote vya mbele huwa hadharani, na mkusanyiko huo wa mikono mifupi na koili hauna utulivu wa ekseli moja iliyopinda. Chini ya gari lenye madigadi hoja hiyo haina uzito.

Kukata fremu na kuzamisha bodi

Nyuma, kizuizi ni ekseli inayopita chini ya fremu. Fremu ikishuka inchi 4, ekseli imebakiwa na inchi 4 pungufu za kupanda. Mtu anaweza kukata pengo la nusu duara kwenye ubavu wa fremu juu ya ekseli na kuliimarisha kwa bamba nene, au anaweza kuikata fremu kabisa mbele ya magurudumu ya nyuma na kuipandisha sehemu ya nyuma, hadi ubavu ukapata umbo la herufi Z. Njia ya pili hushusha upande wa nyuma wa gari kwa kiasi kilekile ambacho fremu ilipandishwa na huiacha springi na nafasi yake kamili. Malipo huchukuliwa kutoka kwenye buti, ambamo difu na fremu iliyopanda sasa vimeingia, na tangi la mafuta hulazimika kutafutiwa makao mapya.

Fremu iliyokatwa hivyo haiwezi kuachwa katika umbo lake la asili la mfereji ulio wazi upande mmoja. Chukua bomba la karatasi ngumu na ulisokote kwa mikono: halikubali. Lipasue kwa urefu wake na ujaribu tena: litajisokota kwa vidole viwili, ingawa karatasi ni ileile. Ubavu wa fremu ya zamani ni bomba lililopasuliwa, na kuuziba kwa bamba la milimita 3 hadi 5 ndani ya mfereji huurudisha kuwa bomba. Injini yenye nguvu mara nne ya ile ya 1932 haiwezi kufungwa kwenye kitu kisichofanyiwa hivyo. Shida ni joto: weldi ndefu upande mmoja huuvuta ubavu ukajipinda kama ndizi. Mafundi huifunga fremu kwenye meza ya chuma, huchomelea vipande vifupi kwa kurukaruka kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, huacha chuma kipoe, na kila mara hupima ulalo kutoka pembe hadi pembe. Ulalo wa kulia na wa kushoto ukitofautiana, fremu imekwenda mrama.

Kuzamisha bodi ni kitendo cha tatu. Sakafu hukatwa pembeni yote, bodi huteremshwa hadi fremu iingie ndani yake, kisha sakafu huchomelewa upya juu zaidi ndani ya bodi. Gari huonekana limeshuka ingawa fremu, ekseli na springi hazijasogea hata kidogo. Kwa mtazamo wa uhandisi ni njia isiyodhuru chochote chini ya gari. Dhara lote humwendea dereva, ambaye miguu yake sasa imenyooka mbele kama amekaa kwenye mkeka. Rejeta na ganda lake navyo huonekana virefu mno mbele ya bodi iliyozama, kwa hiyo hufupishwa, na rejeta iliyofupishwa hupoza kidogo. Jambo hili la mwisho husahaulika mpaka siku ya foleni ya kwanza.

Paa

Kufupisha paa ndiko kunakovutia macho, na ndiko kunakoharibu bodi nyingi zaidi. Kwa kusema ni rahisi: kata kipande cha inchi 3 kutoka kila nguzo, shusha sehemu ya juu, chomelea. Kazi huja pale inapogundulika kwamba nguzo hazisimami wima. Nguzo za mbele zinaegemea nyuma na za nyuma zinaegemea mbele, kwa hiyo paa, ambalo ni dogo kuliko msingi wake, likiteremka halikutani tena na nguzo. Kwa Model A, ambayo nguzo zake za mbele karibu zimesimama wima, tofauti ni ndogo na fundi mwangalifu huimaliza kwa kuzivuta kidogo. Kwa Mercury ya 1949, yenye paa la mviringo, paa hulazimika kukatwa vipande kadhaa na kuongezwa mabati katikati, na dirisha la nyuma huinamishwa ili mteremko wa nyuma usivunjike.

Kabla ya kukata, ndani ya bodi huchomelewa mabomba ya muda, kutoka nguzo hadi nguzo na mlango hadi mlango, yakishikilia vipimo. Bodi isiyofungwa hivyo hufunguka mara paa linapotoka, na milango haitafungika tena sawasawa. Vioo vina sheria yao: kioo bapa cha tabaka mbili zilizogandishwa pamoja kinaweza kukatwa kwa kipimo kipya, lakini kioo kilichoimarishwa kwa joto hupasuka chote kuwa chembechembe mara kinapoguswa na kisu. Aliyefupisha paa la gari lenye kioo cha mbele kilichopinda bila kujua kioo chake kitatoka wapi amefanya kazi kwa mpangilio wa kinyume.

Nani analipa

Ford za enzi hizo zilifunika propela shafti ndani ya bomba imara lililounganisha difu na giaboksi, na bomba hilo ndilo lililousukuma mwili wa gari mbele. Mjenzi anayeweka giaboksi ya kisasa na difu kama ile maarufu ya Ford ya inchi 9, iliyotumika kuanzia 1957 hadi 1986, hulitupa bomba hilo, na papo hapo anahitaji mikono mipya ya kuizuia ekseli isijizungushe. Akitumia koili anahitaji pia fimbo ya kukingama ya kuizuia isiende kushoto na kulia. Pembe za propela shafti nazo hubadilika gari linaposhuka. Mhimili wa giaboksi na wa difu vinapaswa kuwa sambamba vikitazamwa kwa ubavu, na kila jointi iwe na pembe ndogo, kama nyuzi 1 hadi 3. Pembe ikizidi gari hutetemeka kwa kasi fulani. Ikikosekana kabisa, sindano za beringi hukaa mahali pamoja na kuchimba mashimo.

Injini huamua mengi katika nafasi hiyo finyu. V8 ya zamani ya Ford inapendeza machoni, lakini moshi wake hupita ndani ya bloku kati ya silinda kabla ya kutoka, ukiyapasha moto maji ya kupoza. Nayo inapopewa rejeta iliyofupishwa, matokeo yanajulikana. V8 ndogo ya Chevrolet iliyoanza 1955 haina tatizo hilo, ila distributa yake iko nyuma na hugonga ukuta wa bodi, hivyo ukuta hukatwa na kurudishwa ndani, yaani kwenye nafasi ya miguu ambayo kuzamisha bodi kulikuwa kumeshaila.

Kwa breki, Ford ilitumia fimbo na waya hadi ilipoingiza breki za maji mwaka 1939, kwa hiyo gari la zamani zaidi ya hapo hubadilishiwa mfumo wote. Masta silinda mara nyingi hufungwa chini ya sakafu, na katika gari lililoshushwa inaweza kuwa chini kuliko breki zenyewe, hivyo mafuta ya breki hurudi yenyewe na pedali hupiga hewani. Vali ndogo za kushikilia shinikizo hutibu hilo: shinikizo la pauni 2 kwa inchi ya mraba kwa breki za diski na 10 kwa breki za dramu. Kwa kweli kituo cha uzito kilichoshuka husaidia hapa. Chukua gari lenye inchi 106 kati ya ekseli ambalo kituo chake kiko sentimita 60 juu ya ardhi: likifunga breki kwa nguvu sawa na 0.8 ya uzito wake, karibu asilimia 18 ya uzito huhamia mbele. Kikiwa sentimita 50, huhamia asilimia 15, na matairi ya nyuma hubaki na kazi zaidi ya kufanya.

Mifuko ya hewa badala ya springi za chuma huahidi kuondoa mvutano huu wote, kwa kuwa gari hulala chini likisimama na hupanda likiondoka. Ahadi hiyo ni ya kweli kwa sehemu. Pembe za kingpini, propela shafti na tairodi haziwezi kuwa sahihi katika kila urefu, kwa hiyo mwenye mifuko huchagua urefu mmoja wa kuendeshea na kupima kila kitu hapo, na huweka vizuizi vya mpira ili mfuko ukipasuka njiani gari likae juu ya mpira, si juu ya tairi. Hutafuta pia mahali pa tangi la hewa na kompresa katika buti ambalo difu limekwisha kuingia.

Gari likishaunganishwa lote, halipakwi rangi bado. Huendeshwa likiwa chuma kitupu, lenye alama za msasa na weldi zisizosawazishwa, kwa kilomita za kutosha likiwa na abiria na tangi lililojaa. Kisha hupandishwa kwenye jeki, na fundi hupita chini yake na taa akitafuta mahali palipong'aa: ukingo wa bodi uliolambwa na tairi, bano lililokwanguliwa na shokapu, mpira wa breki uliosuguliwa na rimu usukani ulipokatwa hadi mwisho. Kila mng'ao huo ni inchi ambayo haikuhesabiwa. Hukatwa, hukunjwa au huhamishwa, gari hutolewa tena barabarani, na ni baada ya kurudi bila mng'ao mpya ndipo hufunguliwa lote, boliti kwa boliti, likapelekwa kwenye chumba cha rangi.